Jinsi ya Kuwa Daktari Bingwa wa Kundi la Ukoo

Kusomea udaktari nchini kwetu ni miaka mitano ya darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo chini ya macho ya wakubwa. Mwenye roho ngumu huongeza mingine mitatu au zaidi ndipo aitwe bingwa. Mimi ubingwa wangu niliupata Jumapili moja kati ya adhuhuri na magharibi, nimejilaza mkekani na bando la GB 1. Kundi letu la WhatsApp lina watu 87, kuanzia Tanga hadi Muscat, na hakuna hata mmoja asiyewahi kupokea tiba yangu. Wengi bado wako hai.

Kwa kuwa elimu ni sadaka, nimeona niugawe ujuzi huu kabla haujazikwa pamoja nami. Fuata hatua hizi nane kwa mpangilio wake.

Vifaa vinavyohitajika

Vifaa ni vitatu: simu yenye kioo, hata kikiwa kimepasuka, bando, na ukoo. Hicho cha tatu ndicho mtaji wenyewe. Vijana hudhani watu wanaamini mtandao. Hakuna anayeamini mtandao. Mtu humwamini shangazi yake. Ujumbe wa tiba ukibandikwa kwenye nguzo ya umeme stendi, watu wataupita kama wanavyolipita tangazo la mganga wa kurudisha mpenzi. Ujumbe huohuo ukitoka kwa Shangazi aliyekubeba mgongoni, unageuka kuwa wosia. Simu ni punda tu, na mzigo anaoubeba ni udugu.

Ukiwa na jamaa Uarabuni, una bahati ya ziada. Saa za Muscat zimeitangulia Tanga kwa saa moja, kwa hiyo Shangazi wa Muscat ndiye wa kwanza kutusalimu na wa kwanza kutuma dawa. Sisi tunaamka tukiikuta imeshaiva.

Hatua ya kwanza: Chagua ugonjwa usioonekana

Usiguse mfupa uliovunjika. Mfupa uliovunjika hauna adabu, hata mtoto wa chekechea anauona kuwa haujaunga. Jikite kwenye taifodi sugu, UTI sugu, na yule jini wa siku hizi aitwaye "sumu mwilini". Dalili ziwe uchovu, kichwa kizito, kukosa usingizi na hasira za karibu. Mtafute Mtanzania yeyote tarehe 25 ya mwezi, mshahara haujaingia, uniambie kama hana dalili hizo.

Lakini mfalme wa magonjwa yetu ni presha. Presha haipigi hodi. Mtu hutembea nayo miaka kumi, anacheza ngoma harusini, hasikii maumivu hata ya ukucha, huku mishipa yake ikichoka kimyakimya. Ugonjwa usiouma unamfaa bingwa kwa njia mbili: mgonjwa haoni anavyougua, na haoni unavyoshindwa kumponya.

Hatua ya pili: Dawa iwe ya jikoni, na iwe na masharti

Kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, mbegu ya parachichi iliyokaushwa na kusagwa. Mgonjwa aifikie dawa yake bila kuomba nauli. Kisha weka masharti: vijiko vitatu, siku saba, kabla jua halijachomoza. Masharti ndiyo yanayotenganisha dawa na kiungo cha mchuzi. Tena yanakulinda. Mgonjwa asipopona, kosa si lako, ni jua lililomtangulia.

Mfano bora wa hatua hii ulitoka Nigeria. Julai 2014 Ebola iliingia Lagos kwa ndege, ndani ya mwili wa abiria mmoja. Agosti, usiku, ujumbe ukaanza kupita simu kwa simu: kila mtu aoge maji ya chumvi na kuyanywa kabla ya mapambazuko. Angalia ufundi huo: dawa iko jikoni, sharti lipo, saa ipo. Kulipokucha watu walikuwa wamelazwa kwa chumvi, na magazeti ya huko yakaripoti vifo. Ebola yenyewe ilikuwa haijawagusa.

Sasa linganisha na jinsi wasomi walivyohangaika. Daktari Ameyo Adadevoh alikataa kumruhusu yule abiria aondoke hospitalini, ingawa alishinikizwa. Mwenyewe akaambukizwa, na tarehe 19 Agosti akafariki. Wafuatiliaji wakawatafuta watu karibu 900 waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa, wakawatembelea na kuwapima joto, ziara takriban 18,500 za ana kwa ana. Tarehe 20 Oktoba Nigeria ikatangazwa kuwa haina Ebola tena. Walikuwa wameugua watu 20, wakafa 8, katika nchi yenye jiji kama Lagos. Ziara 18,500! Ujumbe wa chumvi ulifika mbali zaidi kwa usiku mmoja, na hakuna aliyechakaza soli.

Hatua ya tatu: Jifiche nyuma ya daktari asiye na anwani

Kila tiba iwe na mwenyewe, ila mwenyewe asipatikane. "Daktari mmoja wa India." "Profesa wa Japani." "Rafiki yangu yuko hospitali kubwa, kanisihi nisimtaje." Jina halisi lina kasoro moja kubwa: mtu anaweza kulipigia simu.

Yatima huishi miaka mingi katika fani hii. Tazama ule ujumbe unaosema kwamba ukipatwa na mshtuko wa moyo ukiwa peke yako, ukohoe kwa nguvu mfululizo hadi upone. Umeanza kuzunguka tangu enzi za barua pepe, kabla ya baadhi ya wanakundi wetu kuzaliwa. Wataalamu wa moyo wamechoka kuukanusha: mtu wa namna hiyo anatakiwa kuita msaada na kufikishwa hospitali upesi, si kubaki sebuleni akikohoa. Ujumbe haufi, maana hauna baba wa kushtakiwa.

Ukitaka kujua hatari ya kusema kweli kwa jina lako, tazama Wuhan. Tarehe 30 Desemba 2019 daktari wa macho aitwaye Li Wenliang aliwaandikia wenzake aliosoma nao udaktari, katika kundi lao la WeChat. Aliwaambia kuna wagonjwa saba waliohusishwa na soko moja, wana ugonjwa unaofanana na SARS, wajihadhari wao na familia zao. Hakuweka dawa wala masharti, na hakusema "sambaza kwa watu ishirini". Walikuwa watu wa kazi moja wakionyana, na onyo lao likafika mitaani kabla ya tangazo lolote la maana. Tarehe 3 Januari polisi walimwita, akasaini karatasi ya onyo kwamba ameeneza uongo. Tarehe 7 Februari 2020 akafa kwa ugonjwa uleule.

Pima mwenyewe. Aliyesema kweli aliitwa polisi. Mimi, kwa miaka yote hii ya kutibu, sijaitwa hata na balozi wa nyumba kumi.

Hatua ya nne: Futa mishale

Hapa pana ufundi wa mitambo, soma taratibu. WhatsApp walituonea wivu. Januari 2019 waliweka kikomo dunia nzima, kwamba ujumbe hausambazwi kwa zaidi ya mahali patano kwa mpigo. Aprili 2020, janga limepamba moto, wakabana tena: ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi unaenda mahali pamoja tu kwa mpigo, na kichwani unabeba mishale miwili, kama mbuzi aliyepigwa chapa. Kampuni ikajigamba kwamba usambazaji wa jumbe za namna hiyo umepungua kwa asilimia 70.

Usitishike. Usiufowadi ujumbe. Unakili, uubandike upya kana kwamba umeuandika wewe. Mishale inatoweka, dawa inakuwa mbichi, na jina lako linakaa juu yake. Ongeza na mstari huu: "Hii imenisaidia mimi mwenyewe." Ukiweza, tuma kwa sauti. Maandishi yanaweza kutiliwa shaka, lakini sauti ya mama mtu mzima anayevuta kamasi, jogoo akiwika kwa mbali, haina mpinzani.

Asiye na simu ya maana naye asikate tamaa, kwani fani hii imetangulia vifaa vyake. Bibi zetu wa pwani walimkimbia mumiani, yule mnyonya damu za watu za kutengenezea dawa, wakati mtaa mzima hauna hata redio. Habari zilipita kisimani na barazani, na watoto wakawa ndani kabla ya magharibi. Mwaka 2011, simu nyingi zikiwa bado za vitufe, SMS na midomo vilitosha kulijulisha taifa zima kwamba katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile anatoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa Sh 500, na kwamba kinatibu kisukari, UKIMWI na mengine. Magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi porini. Wapo waliotolewa wodini wakapakiwa kwenye mabasi, na wapo walioacha ARV zao. Wengine walifia njiani, kikombe hawajakiona.

Hatua ya tano: Iombee ofisi ikae kimya

Ugonjwa ukiingia mjini, watu huuliza saa ileile: Unaambukizaje? Watoto waende shule? Ofisi hujibu siku ya nne, kwa PDF yenye nembo, kumbukumbu namba, na aya ya kwanza inayowataka wananchi wawe watulivu. Kati ya swali na PDF kuna siku tatu. Hizo ni zetu.

Mwaka 2020 tulipewa zaidi ya siku tatu. Takwimu za korona nchini zilifika wagonjwa 509 na vifo 21, zikasimama hapohapo kwa takriban mwaka mzima. Kundi letu halijawahi kustawi vile. Palikuwa na nyungu ya majani saba na nyungu ya majani tisa, na wafuasi wa saba hawakusalimiana na wa tisa. Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alikuwa ametahadharisha tangu Februari kwamba dunia inapigana na magonjwa mawili, virusi na mafuriko ya habari. Hayo ya pili wakayaita infodemia. Huko Iran, siku hizohizo, ulienea uvumi kwamba pombe inaua virusi tumboni. Watu wakanywa methanoli, na mamia wakafa.

Watu hawa hawakuwa wajinga. Waliuliza, wakakuta mlango umefungwa, na sisi tulikuwa tumesimama nje tukiuza.

Ogopa sana siku ofisi itakapojitokeza kwa uso wa mtu. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alikunja mkono wa nguo yake, akachanjwa mbele ya kamera. Picha ikaingia kundini saa ileile. Haikuwa na nembo wala kumbukumbu namba, bali bega na sindano. Shangazi wa Muscat, aliyekuwa na voisi kumi na mbili kuhusu chanjo, alinyamaza siku mbili.

Hatua ya sita: Mdhibiti muuguzi

Kila ukoo una mmoja. Wetu ni mpwa wangu, binti wa dada, muuguzi wa zamu. Maprofesa hawanisumbui, kwa kuwa hawamo kundini na lugha yao haimo vinywani mwetu. Huyu binti ni hatari kwa sababu anajibu upesi, mistari minne tu, kwa Kiswahili cha jikoni, na hamcheki mtu. Nilipotuma ile tiba ya mbegu ya parachichi kwa wenye presha, na Baba Mdogo, ambaye binti humwita Babu, akajibu kwa dole gumba, binti aliandika hivi:

"Mjomba shikamoo, asante kwa kutujali. Naomba niongeze kidogo. Kipimo cha Babu kiko vizuri kwa sababu anameza vidonge. Akiviacha kitapanda tena, na hatasikia chochote mpaka siku ya madhara. Babu, parachichi kula, ila vidonge usiache, na ukitaka kubadilisha uniambie nikupeleke kliniki."

Ona alivyo mjanja! Ameamkia, ameshukuru, hajaniita mwongo. Mtu wa namna hii humshindi kwa hoja. Mshinde kwa umri. Andika: "Watoto wa siku hizi mnatufundisha sisi mliotukuta?" Kisha taja biashara ya wazungu. Kisha mtu mmoja aulize matokeo ya Simba na Yanga. Jibu la muuguzi likishafunikwa na meseji sitini za mpira, halifukuliwi hata kwa jembe.

Ukimwacha aendelee, yatakukuta ya Kongo Mashariki. Kati ya 2018 na 2020 Ebola ilipita Beni, Butembo na vijiji vya jirani, wakaugua watu 3,470, wakafa 2,287. Uvumi ulisema ugonjwa ni biashara ya wageni na wanasiasa. Vituo vya tiba vikachomwa moto. Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, aliyetoka Kamerun kuja kusaidia, akapigwa risasi na kufa hospitalini Butembo. Siku ile hata mimi niliiweka simu kifudifudi mezani.

Wahudumu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wakafanya jambo ambalo sisi mabingwa hatulipendi: wakakaa kusikiliza. Waliuandika uvumi kama ulivyosemwa, kwa maneno ya msemaji, wakaupeleka kwa wakubwa kama swali linalodai jibu. Watu walisema kwamba mifuko ya maiti imejazwa mawe, au kwamba viungo vimeibwa. Jibu halikuwa kipeperushi. Ililetwa mifuko yenye sehemu angavu, familia zikaona nyuso za watu wao kabla ya kuzika. Ukiacha watu waanze kujibiwa swali walilouliza, badala ya lile ambalo ofisi ilitamani wangeuliza, biashara yetu imekwisha.

Hatua ya saba: Kemea matumizi mabaya ya mitandao

Kwa matumizi mabaya namaanisha yale yenye faida. Yako mengi, nitataja machache ili uyatambue mapema.

La kwanza ni damu. Usiku mmoja mke wa binamu alijifungua, damu ikamtoka nyingi, hospitali ikataka chupa tatu. Kijana mmoja aliandika kundini: kundi la damu, jina la hospitali, jengo, namba ya mtu wa kumwona, saa. Basi. Wakafika watu kumi na mmoja, wawili hata si wa ukoo wetu. Wajukuu wa wale waliokuwa wakimkimbia mumiani walikaa kwenye benchi wakingoja zamu ya kunyoosha mkono. Alfajiri kijana akaandika: "Imetosha, asanteni sana, mama na mtoto wazima."

Imetosha! Umewahi kuona ujumbe wa tiba unaosema imetosha? Ujumbe wake ulikuwa na mahali, saa, na mtu wa kuulizwa, na kazi ilipokwisha naye akaufunga. Wangu hauna tarehe, na hautakwisha hata kiama. Mwanafunzi makini akiiona tofauti hiyo mara moja tu, hatanirudia tena, kwa hiyo tafadhali usiitazame sana.

La pili ni ujumbe usio na miujiza. Mwaka 2012 hapa Tanzania ilianzishwa kampeni ya Wazazi Nipendeni. Mjamzito alituma neno MTOTO kwenda 15001 bila malipo, akaanza kupokea meseji zinazofuata wiki za mimba yake: wiki hii nenda kliniki, dalili hii ikitokea usisubiri asubuhi. Afrika Kusini nao walianza MomConnect mwaka 2014, na ufundi uliojengwa huko ndio uliotumika Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilipofungua huduma yake ya kujibu maswali ya korona kwa WhatsApp. Hapakuwa na kilio wala jogoo, na mama alijua tu tarehe ya kliniki. Watu wa namna hii ndio wanaoharibu ladha ya simu.

La tatu ni kuwasikiliza wagonjwa kabla hawajafika hospitali. Kipindupindu kilipoingia Haiti Oktoba 2010, watafiti walirudi baadaye wakaupanga mlolongo wa jumbe za Twitter na habari za mtandaoni, wakaulinganisha na takwimu za wizara. Mikondo miwili ilipanda na kushuka pamoja, ila ule wa mtandaoni ungeweza kupatikana hadi wiki mbili mapema zaidi. Katika kipindupindu mtu anaweza kukaukiwa maji akafa ndani ya saa chache, kwa hiyo wiki mbili ni umri wa mtu. Maneno ya "mtaani kwetu watu wanaharisha" yalikuwa takwimu, na hakuna aliyekuwa ameyaita hivyo.

Na la nne, kuna namba 199 ya wizara, unapiga bure, unaongea na mtu. Sijawahi kuituma kundini. Mgonjwa akishajua kuna mtu wa kumpigia bure, atakuja kwangu kutafuta nini?

Hatua ya nane: Mgonjwa akizidiwa

Iko siku utapata mgonjwa anayetii. Ni ajali inayoweza kumpata bingwa yeyote. Wangu alikuwa Baba Mdogo.

Alikuwa na presha miaka tisa, vidonge viwili kila asubuhi, na kipimo cha kujivunia. Akaweka vidonge kabatini, akaanza parachichi: vijiko vitatu, kabla jua halijachomoza. Wiki ya kwanza akaandika kundini kwamba anajisikia kijana. Hakudanganya. Nimeshawaambia, presha haipigi hodi. Siku ya 19, alfajiri, akifunga kifungo cha kanzu aende msikitini, mkono wa kulia ulikataa na mdomo ukaenda upande.

Sasa shika ufundi. Kwanza, uwe wa kwanza kuandika dua, na katika dua usitaje parachichi. Pili, uwe wa kwanza kuchangia. Mimi nilitoa Sh 50,000, na mweka hazina akaliweka jina langu kichwani mwa orodha. Tatu, futa ushahidi.

Hapo ndipo nilipokwama. WhatsApp humpa mtu siku mbili na nusu hivi za kufuta ujumbe wake kwa watu wote. Zikipita hizo, unaweza kuufuta kwako tu. Mwenye kuweka sheria hiyo hakufikiria magonjwa ya polepole. Niliufuta kwangu. Kwenye simu 86 nyingine upo hadi leo, na juu yake pana jina langu, bila mshale hata mmoja, kwa sababu mishale niliiondoa kwa mkono wangu.

Hakuna aliyenilaumu. Nilisubiri lawama wiki nzima, nikiingia na kutoka kundini kama mtu aliyepoteza funguo. Mpwa wangu hakuandika "nilisema". Aliandika siku za mazoezi ya viungo, saa za vidonge, na nani atampeleka Babu Jumanne. Watu wakajibu kwa zamu zao.

Mwezi wa pili ikaingia voisi ya Baba Mdogo. Haikuja kundini, ilikuja kwangu peke yangu. Sekunde 41. Ulimi ulikuwa mzito, ikabidi niisikilize mara tatu, simu nikiwa nimeibana sikioni, mlango nimeufunga. Mara ya tatu ndipo nikaelewa.

"Mwanangu," alisema, "eti huna dawa ya kurudisha ulimi?"

Niliandika, nikafuta. Nikaandika tena. Jikoni kitunguu saumu kilikuwepo, ndimu zilikuwepo, na masharti ninayajua kwa moyo. Mwishowe nilimtumia namba ya simu ya mpwa wangu, na chini yake nikaweka: "Baba, shikamoo. Muulize huyu."

Wanafunzi wangu, hiyo haimo katika mtaala, msiige. Ilikuwa namba moja kwa mtu mmoja, na mwishoni sikuandika "sambaza".